Chungu Kikasema, Chungu Akasema

Somoe mwanangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Huu ni mwaka wa pili tangu tulipokuzika Lionja, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Mwanzoni nilijificha nyuma ya kanuni. Nilijiambia kwamba barua ina sehemu zake, ya kwanza ni anwani, na mimi sijui anwani yako. Kisha wiki iliyopita, nikiwa mbele ya darasa la tano, nikasikia kinywa changu kikifundisha kwamba barua ya kirafiki ina anwani moja tu, nayo ni ya mwandishi. Anwani ya mwandikiwa ni ya barua rasmi. Nilisimama na chaki mkononi hadi watoto wakaanza kutazamana. Kisingizio kilikuwa kimekwisha.

Basi anwani yangu ni hii: chumba cha uani, nyuma ya shule uliyokuwa ukifundisha, Ruangwa. Najua utashangaa. Uliniacha Nachingwea, nimestaafu, masanduku yamefungwa kamba, nangoja tu kurudi kwetu Singida. Masanduku mawili bado yamefungwa. La tatu nimelifungua, maana ndimo zilimokuwa sufuria.

Ilikuwa hivi. Ulipofariki, baada ya ile homa ya siku nne ambayo hata leo siielewi, darasa lako la sita lilikaa wiki kadhaa bila mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu mkuu wenu aliniandikia. Alisema hana mtu, na kwamba amesikia mimi ndiye niliyekufundisha wewe. Nilikuja kwa muhula mmoja. Ndivyo nilivyomwambia mama mwenye nyumba, na ndivyo ninavyoendelea kumwambia kila muhula.

Ijumaa yangu ya kwanza, kipindi cha mwisho, nilikuwa nimeandika ubaoni matumizi ya viunganishi. Nilipogeuka, watoto walikuwa wamesukuma madawati ukutani na wameketi sakafuni.

"Mna nini?" niliwauliza.

"Mwalimu, leo Ijumaa."

"Najua leo ni Ijumaa."

"Ijumaa kipindi cha mwisho ni cha chungu."

Sikuelewa. Ndipo Mwanaidi, yule wa mbele mwenye sauti kama ya karani wa mahakama, akaenda kabatini bila ruhusa na kurudi na kaunta buku yako yenye jalada jeusi. Akanifungulia mahali ulipokuwa umeweka unyasi. Nikaiona hati yako, nikalisoma neno la kwanza, nikaketi.

Kilikuwa ni kile chungu. Somoe, kilikuwa ni kile chungu cha Lionja.

Sikudhani ungekitunza miaka yote hiyo. Mimi nilikitunza moyoni kwa sababu nyingine. Unaikumbuka siku yenyewe? Ulikuwa darasa la sita, na mimi nilikuwa mwalimu ambaye watoto walivuka barabara wasikutane naye. Niliwapa insha, "Safari Yangu". Wenzako wote walisafiri kwenda Nachingwea kununua madaftari. Wewe uliandika: "Chungu alichoka kukaa nyuma ya nyumba. Siku moja mchana akainuka, akajikung'uta majivu, akaenda kuutafuta mlima alikochimbwa." Niliweka alama nyekundu chini ya kila kitenzi. Nilikupa mbili kati ya ishirini, na hizo mbili zilikuwa za mwandiko.

Nikakusimamisha. Wewe, badala ya kuinamisha kichwa kama wenzako, uliniuliza swali.

"Mwalimu, kiboko si kinaanza na ki?"

"Kinaanza."

"Mbona hatusemi kiboko kimeingia mtoni?"

"Kwa sababu kiboko ana uhai."

"Na kifaru?"

"Ana uhai."

"Na chungu wangu ana uhai."

Mwenzako mmoja huko nyuma akaropoka, "Mwalimu, na hicho kiboko cha mezani nacho kina uhai?" Darasa zima likacheka, maana fimbo yangu ilikuwa mezani kama kawaida yake. Nikaichukua. Nikasema, "Leo mtajua kama kina uhai au hakina." Nilimchapa yeye mikwaju miwili na wewe miwili. Uliponyoosha mkono ulikuwa unanitazama usoni. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayengoja jibu.

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na kanuni, na kanuni nilikuwa nimeilipia.

Hili sikukueleza hata tulipokuwa watu wazima wote wawili. Kiswahili si lugha ya mama yangu, kama kisivyo lugha ya mama yako. Nilipofika chuo cha ualimu, msichana wa bara asiyejua kitu, mkufunzi aliniuliza ninafuga nini kwetu. Nikajibu, "Nina kuku moja, lakini kuku hii haitagi." Ukumbi mzima ulicheka. Mkufunzi akanisimamisha juu ya kiti na kunitaka niseme "kuku huyu" mara ishirini. Niliporudi bwenini niliapa kwamba hakuna mtu atakayenicheka tena kwa ngeli, wala kumcheka mwanafunzi wangu. Mimi nilichekwa kwa kumnyima kuku uhai. Wewe nilikuchapa kwa kukipa chungu uhai. Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja juzijuzi tu, uzeeni. Naona aibu.

Kwenye mahafali yenu ya darasa la saba ulikuwa wa kwanza katika Kiswahili. Nilikuzawadia kitabu cha sarufi, kikubwa, chenye jalada gumu. Nikasema, "Hiki kitakusaidia." Ukauliza kama kina hadithi. Nikajibu kwamba hakina. Ukasema, "Basi nitakiwekea hadithi, mwalimu," ukapiga goti na kuondoka nacho. Mgeni rasmi alicheka. Mimi nilidhani ni utovu wa adabu.

Ulipokuwa mwalimu hapa Ruangwa na kuanza kuja kwangu Nachingwea siku za Jumamosi na mfuko wa vitabu, nilijua umekuja kulipiza. Vitabu gani vile! Nchi zisizokuwepo, milima inayolala na kuamka, mfalme aliyekimbiwa na kivuli chake. Nilikwambia kwamba mtu mzima hasomi porojo. Ukasema, "Soma tu, Mama, usisahihishe." Ulikuwa umeanza kuniita Mama wakati huo. Nikaanza kusoma na penseli mkononi, kwa mazoea, na wewe ukaninyang'anya penseli ukaiweka juu ya kabati ukijua kwamba siifikii. Jumamosi ile kisamvu kiliungua jikoni. Nilisema kuni zilikuwa mbaya. Leo nakiri: nilikuwa namfuata yule mfalme aliyekuwa akikitafuta kivuli chake, na nilikuwa upande wa kivuli.

Nirudi darasani. Niliivaa miwani nikaanza kuwasomea pale ulipoweka unyasi. Chungu kilikuwa kimefika katika nchi ambayo watu huhifadhi sauti zao ndani ya vibuyu. Nikasoma, "Chungu kikainua mfuniko wake, kikasema..."

"Mwalimu, umekosea," akasema Mwanaidi.

Somoe, kwa miaka thelathini na zaidi hakuna mtoto aliyewahi kuniambia neno hilo.

"Nimekosea nini?"

"Umesema kikasema. Ni akasema."

"Chungu ni kitu, Mwanaidi. Kitu hufuata ngeli yake."

Wakatazamana wote, kama watoto wanaomhurumia mkubwa. Kisha sauti moja ikasema kwa upole, kama mtu anayemtambulisha ndugu yake kwa mgeni, "Mwalimu, huyu si kitu. Huyu ni chungu wetu."

Nilishusha macho kwenye kaunta buku. Ulikuwa umeandika "akasema". Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kisichoandikwa. Nikaendelea kusoma kama ulivyoandika, na kila Ijumaa tangu siku ile nimesoma kama ulivyoandika, lakini nilijiambia kwamba nasoma tu. Kusoma si kukubali.

Tulimaliza kaunta buku mwanzoni mwa darasa la saba. Unajua ulipoishia. Chungu kinafika mlimani, kimechoka, ufa wake umeongezeka. Mlima unakitazama na kukiuliza: "Unataka kuwa udongo tena, au unataka kubaki chungu mwenye ufa?" Hapo pana nukta, na baada ya nukta pana kurasa kumi na moja tupu. Watoto walitaka nimalizie. Nilikataa. Niliwaambia kwamba sijui. Hilo nalo sikuwa nimewahi kuliambia darasa.

Wamehitimu, Somoe. Mahafali yao yalikuwa ya heshima. Maturubai yalikazwa vizuri, vumbi lilimwagiwa maji asubuhi, kina mama walikuja na vitenge vilivyopigwa pasi. Wavulana wako waliimba shairi, na mizani haikupungua hata moja. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Mwanaidi alisoma risala. Nilikuwa nimeisahihisha mwenyewe mara tatu, naijua kila nukta yake. Alipofika mwisho, pale nilipoandika "Ahsanteni kwa kutusikiliza", hakuketi. Alikunjua kipande cha karatasi kutoka kwenye mkono wa sweta na kusoma: "Tunaomba hadithi ya mwalimu wetu marehemu ipigwe chapa, ili kila mhitimu awe nayo na darasa letu tulilowaachia wadogo zetu liwe nayo. Tunaomba iishie pale alipoishia yeye. Ahsanteni kwa kutusikiliza."

Kisha wakaniita mbele. Walikuwa wameniletea kitu kilichofungwa katika khanga. Nilipokifungua nikakuta chungu. Ni cha kawaida, cha sokoni, na kina ufa mdogo karibu na mdomo. Niliwauliza kama muuzaji aliwapunja. Wakasema walizunguka soko zima kutafuta chenye ufa, na wauzaji wote walidhani wana wazimu. Mwanaidi akaninong'oneza, "Huyu ni wa Mwalimu Somoe. Umtunzie."

Nilimjibu, "Nitakitunza." Sarufi sahihi kabisa. Nililia baadaye, nikiwa peke yangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Wazazi wamekubali. Yuko mpiga chapa Nachingwea atakayekiandaa kijitabu, na Jumatatu anataka mikononi mwake nakala iliyo tayari. Mwalimu mkuu amesema ihaririwe na mimi, na sitaki mtu mwingine aiguse. Koma zako nimezitengeneza. Mahali pamoja uliandika "mpila" badala ya "mpira", kama nyanya zako wa Lionja wanavyotamka, nilicheka, nikatengeneza. Lakini pale kwenye chungu nimekwama.

Mwalimu Saidi, mwalimu wa taaluma hapa shuleni, ameisoma. Unamkumbuka; alikuwa madarasa mawili mbele yako Lionja, naye nilimfundisha ngeli kwa kiboko kilekile. Alinijia na karatasi mkononi, akaniamkia vizuri, akaketi.

"Mama, hadithi hii nimeipenda. Lakini humu kila mahali chungu anasema, anakwenda, anachoka."

"Nimeona."

"Mtihani wa taifa hautajua hadithi hii. Mtoto atasoma kijitabu hiki mwaka mzima, atakipenda, kisha ataandika kwenye karatasi ya mtihani 'chungu alivunjika', na atakosa alama. Tutamwambia nini? Kwamba kwenye hadithi ni ruhusa?"

Akaongeza, bila kejeli, "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hivyo, Mama. Mimi sijasahau hata fimbo moja."

Hana kosa, Somoe. Hilo ndilo linaloniumiza. Namwona mtoto fulani wa miaka ijayo, amesimamishwa juu ya kiti katika ukumbi wa chuo, na wenzake wanamcheka. Nikiacha "akasema", huenda nikawa nimempeleka juu ya kiti kile kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiandika "kikasema", chungu kinarudi nyuma ya nyumba kwenye majivu, safari nzima inakuwa ya chombo kinachobingirika, na yule mtoto wa Lionja aliyeningoja nimpe jibu atakuwa amechapwa mara ya pili, safari hii akiwa hawezi kunitazama.

Nilijaribu njia ya katikati. Nimeandika tanbihi ya kuwekwa chini ya ukurasa wa kwanza, kwamba mwandishi ametumia ngeli ya viumbe kwa makusudi. Nimeiandika mara nne. Kila ninapoisoma naona kile kiboko kiko mezani.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda Lionja kumwomba mama yako idhini, na, kama nitasema kweli, kumwomba anisaidie. Nilimkuta uani akitenga korosho na mabibo. Mikono yake yaenda kasi kama ilivyokuwa. Anakusalimu, sijui nieleze vipi, lakini ndivyo alivyosema, "Ukimwandikia, msalimie." Sikuwa nimemwambia kwamba nitaandika.

Nilimwambia kwamba watu wanataka kupiga chapa hadithi ya Somoe. Akasema, "Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Nisomee."

Nikamsomea, Somoe, na nilimsomea kwa namna yangu. Nilitaka nisikie inavyolia. "Chungu kilichoka. Kikainuka. Kikajikung'uta majivu." Nilimsomea hadi mwisho, kwa "ki" yote. Mama yako hakuacha kutenga korosho. Nilipofika kwenye swali la mlima nikafunga kaunta buku. Mikono yake ikasimama.

"Sasa huyo, alijibu nini?"

Nilimwambia kwamba hadithi inaishia hapo, hakuna zaidi. Akafikiri. Akalitazama bibo lililokuwa mkononi mwake kana kwamba halijui.

"Basi mwacheni hapohapo," akasema. "Asisukumwe. Ametoka mbali."

Akaendelea na korosho zake.

Njiani kurudi Ruangwa nilikuwa nimekaa karibu na dirisha la gari, nikatambua kwamba nimemsomea mama yule kurasa zote kwa sarufi iliyo sahihi, na hakuisikia. Alikusikia wewe. Nimefundisha maisha yangu yote nikiamini kwamba ngeli ndiyo inayoamua nani ana uhai. Sina hakika tena ni nani anayemfuata mwenzake.

Nikupe na habari nyingine, ili barua hii isiwe ya kesi peke yake. Darasa la tano nao wameanza kusukuma madawati siku ya Ijumaa, na sijui nani aliwaambia. Mwanaidi yuko kwa shangazi yake Naipingo akingoja majibu ya kidato cha kwanza, na ameniletea kurasa sita za hadithi ya daraja lililochoka kuvukwa. Ni nzuri, ina haraka kidogo mwishoni. Kiboko changu nilimpa mama mwenye nyumba, anachokorea moto. Na mwezi uliopita, katika insha za darasa la tano, mtoto mmoja aliandika "mawingu wakasema". Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi na mkono ulikuwa umekwisha kuondoka. Nikauzuia. Badala ya kupiga mstari niliandika pembeni, "Kwa nini?" Kesho yake daftari lilirudi na jibu chini ya swali langu: "Kwa sababu walikuwa wawili na walikuwa wanagombana." Nilimpa kumi na nane kati ya ishirini. Mbili nilikata kwa mwandiko.

Ungenicheka. Najua jinsi ambavyo ungecheka, umeziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mwanangu, lala salama pale Lionja. Mwenyezi Mungu akupe makao mema, na kama huko kuna watoto, uwasomee. Miswada yote miwili iko mbele yangu, wa "kikasema" na wa "akasema", na gari la Nachingwea linaondoka Jumatatu asubuhi. Nimeapa kwamba nitapeleka mmoja tu, bila tanbihi, na kwamba jina lako litaandikwa juu ya jalada peke yake. Kalamu nyekundu nimeirusha juu ya kabati, kule nisikofikia.

Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakaa miaka miwili. Chungu wako yuko hapa mezani. Tunangoja naye.

Mwalimu wako.